Siri ya Nyumba na Sheria ya Ndoa



Tulipokuwa tukimalizia mlango wa Nikahi katika darasa la fiqhi, tuliwaruhusu wanafunzi kuandika maswali kwenye vikaratasi bila ya majina. Vingi viliuliza mambo tuliyoyatarajia: mahari ni kiasi gani, eda huhesabiwaje. Kimoja kilikuwa cha hati ya mtoto. Aliuliza kama anapata dhambi akimwambia mtu kwamba baba humpiga mama, maana nyumbani ameambiwa siri ya nyumba haitoki nje. Hatukulijibu siku ile kama ilivyostahiki, na ndiyo sababu ya somo hili.

Tuanzie kwenye ndoa yenyewe. Nguzo zake mnazijua kwa moyo: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Linalosahauliwa ni ridhaa. Bibi Khansaa bint Khidham (r.a.) aliozeshwa na baba yake naye hakutaka, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikatenguliwa. Vitabu vyetu vinasema kimya cha mwanamwali ni idhini yake. Sawa, lakini kimya cha haya si kimya cha hofu, na mzazi anayemjua mwanawe anaijua tofauti hiyo.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka ridhaa ya wote wawili. Sheria hiyo ilipotungwa iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na mvulana akiwa na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo. Tena mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wazazi wanaotuletea habari ya posa kwa binti wa kidato cha pili, tafadhali tusitiane matatani.

Mahari ni mali ya bibi harusi, kama inavyoelekeza aya ya 4 ya Suratun Nisaa. Mkaja wa mama na kilemba cha baba ni ada tu, wala haviwezi kuingia mahali pa haki yake. Mali yake nyingine pia hubaki yake baada ya kuolewa, na hilo sharia yetu na sheria ya nchi zinakubaliana. Nyumba wanamoishi mume na mke ina hukumu ya pekee: hata ikiwa imeandikwa jina la mume, hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ya idhini ya mkewe.

Na cheti cha ndoa kichukuliwe. Tumeona watu wanakula pilau, wanapiga picha, cheti hakuna anayekiuliza. Ndoa haibatiliki kwa kukosa karatasi, ila siku ya mirathi au ya madai ya matunzo mjane huanza kutafuta mashahidi, na mmoja keshafariki, mwingine kahama.

Sasa turudi kwenye kile kikaratasi. Wapo wanaoishika aya ya 34 ya Suratun Nisaa kana kwamba ni kibali cha kupiga. Wanazuoni wameiwekea mipaka mikali: usiguswe uso, pasiwe na jeraha, na wakasema kuacha ni bora. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Wanawake walipofika nyumbani kwake kuwashitaki waume zao, hakuwaambia warudi wakafiche siri. Alisema waume wa namna hiyo si wabora. Kwa upande wa sheria ya nchi hakuna mjadala: kifungu cha 66 cha ile sheria ya 1971 kinatamka kuwa hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata mila ikiruhusu. Anayejeruhi ametenda jinai.

Je, kusema ni kusengenya? Imamu Nawawi ametaja mahali sita ambapo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na la kwanza ni aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Bibi Hind (r.a.) alimshitaki mumewe Abu Sufyan kwa ubahili, akaambiwa achukue cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Ikiwa matumizi yana mlango wa kusemewa, kipigo je?

Mama aliyepigwa aende kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Atapewa fomu ya PF3, daktari aandike majeraha aliyoyaona. Karatasi hiyo itamsaidia mahakamani. Asioge damu na kutupa nguo iliyochanika kwa kuona aibu.

Wengi huuliza kuhusu suluhu. Aya ya 35 ya sura hiyo hiyo imeagiza mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke, na sheria nayo kwa kawaida inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Bara hatuna Mahakama ya Kadhi ya serikali kama ndugu zetu wa Zanzibar, kwa hiyo baraza likishindwa shauri huenda mahakama ya kawaida, hata ya mwanzo. Lakini suluhu ni ya watu wawili waliokosana. Kumrudisha mtu kwenye nyumba anamovunjwa mbavu, kisha tukasoma Fatiha, hatuoni kuwa ni suluhu.

Mke asiyeweza kuendelea ana khului, kama mke wa Thabit bin Qays alivyorudisha shamba akaachwa. Na mke aliyelea watoto na kutunza nyumba asidhani hana jasho lake. Mwaka 1983, katika shauri ambalo wanasheria huliita la Bi Hawa, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakushinda dai lake.

Nawe uliyeandika kikaratasi: hupati dhambi. Mwambie shangazi, babu au jirani unayemwamini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa, hivyo mtu mzima utakayemwambia naye ana wajibu. Namba 116 ya watoto hupigwa bure. Na sisi walimu tunakaa ofisini baada ya Alasiri. Wasichana waweza kumwona ustadhati peke yake, na ukipenda njoo na mwenzio.

Wabillaahit-tawfiiq.