Skrini Ndogo Kama Stempu? Vidokezo 6 vya Kuichangamsha Linux Ndani ya VirtualBox

Umeweka Ubuntu ndani ya VirtualBox na imewaka. Hongera! Ila skrini imebana, na ulichonakili kwenye Windows hakibandikiki huku. Usiifute. Kinachokosekana ni Guest Additions tu, yaani draiva na programu saidizi za mfumo ulio ndani ya VirtualBox, na chai yako haitapoa kabla hujamaliza.

1. Weka pa kurudia
Fungua menyu ya Machine, chagua Take Snapshot. Ukivuruga mambo, unarudi ulipokuwa. Kompyuta ya kawaida itakupa raha hiyo wapi?

2. Anza na njia ya mvivu
Draiva yenyewe huenda unayo tayari! vboxguest iliingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 4.16 mwaka 2018, na vboxsf, ya folda za pamoja, ikaingia toleo la 5.6 mwaka 2020. Zimebaki programu saidizi:

sudo apt install virtualbox-guest-x11

Washa upya, kisha vuta pembe ya dirisha. Skrini ikitanuka nalo, ruka hadi namba 4.

3. Diski baadaye, vifaa kwanza
Njia ya mvivu imegoma? Tumia diski ya Guest Additions, lakini taratibu! Kisakinishi chake hujenga draiva papo hapo, hivyo kinahitaji vifaa vya ujenzi pamoja na faili za kerneli inayotumika sasa hivi. Wengi huruka hatua hii, kisha lawama zote wanamtupia VirtualBox. Kama umetoka kusasisha mfumo, washa upya kwanza, halafu:

sudo apt update
sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Hiyo uname -r iache ilivyo. Yenyewe ndiyo inayotaja toleo la kerneli yako. Pia ondoa ulichoweka kwenye namba 2, maana viwili hivyo hugombana:

sudo apt purge virtualbox-guest-x11 virtualbox-guest-utils

Sasa nenda Devices, kisha Insert Guest Additions CD Image. Fungua terminali ndani ya diski hiyo na uandike:

sudo sh ./VBoxLinuxAdditions.run

Ikimaliza, washa upya. Bando lako halitaumia sana, kwani diski huja na VirtualBox yenyewe.

4. Folda unaiona, lakini inakukatalia?
Folda ya pamoja inayojifungua yenyewe hukaa /media, jina lake likianza na sf_. Wanaoruhusiwa kuingia ni wa kundi la vboxsf, kwa hiyo jiunge:

sudo usermod -aG vboxsf $USER

Toka kwenye akaunti, uingie tena. Na tafadhali, hiyo a ndogo usiisahau! Bila hiyo, utaondolewa kwenye makundi yako mengine, hata la sudo, halafu uanze kuomba ruhusa kwenye mashine yako mwenyewe.

5. Kunakili na kubandika
Devices, Shared Clipboard, Bidirectional. Basi! Ila kama mashine hiyo ni ya kujaribia programu za kutiliwa shaka, njia hiyo iache imefungwa.

6. Hutumii VirtualBox?
Kwenye VMware, sakinisha open-vm-tools-desktop. Kwenye KVM, spice-vdagent inashughulikia skrini na kunakili, na qemu-guest-agent humwezesha mwenyeji (kompyuta yako halisi) kuzungumza na mgeni (Linux iliyo ndani), kwa mfano kumzima kistaarabu. Draiva za virtio zimo ndani ya kerneli tayari, kwa hiyo huko hata diski ya kuingiza huihitaji.