Mafunzo Niliyopata kwa Mume Aliyerudi Kutoka Kongo

Mume wangu alivaa kofia ya bluu ya walinda amani mashariki mwa Kongo. Alipostaafu na kurudi kwao Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, mwili wake ulikuwa mzima, ila usingizi ulikuwa umempotea. Embe likidondoka juu ya bati usiku, yeye tayari yuko sakafuni. Kwenye kikao chochote lazima aupe ukuta mgongo. Kuna waliosema amelogwa, na kuna waliotania kwamba apelekwe Mirembe, maana Watanzania tukiona tusichokielewa kichwani mwa mtu tunakimbilia kuitaja hospitali ile ya Dodoma. Haya hapa nimeyajifunza tangu alipoanza kuzamia ziwani kwa kubana pumzi na kurudi uwanjani kwenye ngoma ya mganda.

1. Kulinda amani nako ni vita.
Kijijini kwetu vita ni Kagera, ya 1978 na 1979. Aliyekwenda Kongo au Darfur anadhaniwa alifuata posho. Lakini Julai 2013 askari saba wa Tanzania waliuawa Darfur kwa siku moja, na tarehe 7 Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa kwenye kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Mume wangu hakuwa Semuliki usiku ule. Kuwapokea wenzake ndani ya majeneza kulimtosha.

2. Mwili hutulia kabla mdomo haujafunguka.
Maswali aliyachukia. Shemeji zangu walipomzunguka wakitaka asimulie, aliondoka. Ziwani hakuna anayeuliza. Mtu akibana pumzi na kuutia uso kwenye maji baridi, mapigo ya moyo hupungua yenyewe. Ndivyo tulivyoumbwa, si ushujaa. Akiibuka anatoa pumzi taratibu, anapumzika, anarudi tena. Kwenye mawe ya ufukweni kuna mbuna, wale samaki wadogo wa bluu na njano ambao wageni huwanunua kuwa samaki wa mapambo. Macho yaliyozoea kumtafuta adui vichakani yakapata kazi nyingine: kumfuata samaki mmoja mpaka aingie pangoni mwake. Siku za mwanzo nilidhani chini ya maji ni kimya kabisa. Sivyo. Sauti husafiri majini kwa kasi kuliko hewani, na injini ya boti iliyo mbali humfikia kama iko kichwani mwake. Kwa hiyo yeye na wenzake wanachagua mahali pasipopita boti.

3. Hazamii mtu peke yake.
Mmoja akiwa chini, mwenzake anabaki juu akimtazama, kisha wanapokezana. Anayehema kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajaza pumzi, anaweza kuzimia majini bila dalili yoyote. Mdomo wa mto hauguswi kwa sababu ya mamba, na penye matete na maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho. Upepo wa mwera ukivuma, safari imeahirishwa. Nadhani sheria hizi zimemtibu kuliko maji yenyewe, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu arudi, uhai wa mtu mwingine uko mikononi mwake na hakuna bunduki.

4. Mitungi ya hewa isubiri.
Vijana waliowaona watalii wakizamia kwa mitungi wanaitamani. Mimi siitaki bila mwalimu mwenye cheti. Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700, na uso wake uko kama mita 470 juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya kuzamia baharini hayafai kutumika hapa bila marekebisho. Kisha kuna barabara. Anayezamia asubuhi na kupanda milima ya Umatengo kwenda Mbinga mchana wake anapanda zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na naitrojeni iliyoingia damuni kule chini inaweza kutoka kama mapovu. Ni hatari ileile ya kupanda ndege baada ya kuzamia.

5. Babu zetu walijua kuituliza vita kwa ngoma.
Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, meli ya Waingereza iliipiga meli ya Wajerumani pale Liuli, nao wanaume wa pande zote za ziwa wakachukuliwa kuwa askari na wapagazi. Baada ya vita mganda ukashamiri huku: safu zilizonyooka, kaptula nyeupe, vyeo, ngoma kubwa, hatua za gwaride la King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Wanaohesabu mganda kuwa burudani ya sherehe tu wanaupunja. Mimi naona wanaume waliokuwa wamechukua mwendo wa jeshi na kuacha silaha, wakashindana kijiji kwa kijiji mchana kweupe mbele ya wake na watoto wao. Mume wangu alipoingia safuni, hakuna aliyehitaji kumfundisha kugeuka kushoto.

6. Michezo haifukuzi hospitali.
Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, Daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha kwa upinde na mshale majeruhi 16 wa vita waliokuwa kwenye viti vya magurudumu. Shindano lile, lililozaa Paralimpiki, lilifanyika kwenye viwanja vya hospitali ya Stoke Mandeville. Daktari alikuwepo. Nasi tunakwenda hospitali Songea kwa tarehe aliyopangiwa, hata wiki aliyolala vizuri. Dawa mpya ikimpa usingizi mchana, haingii majini. Akinywa pombe, vivyo hivyo.

7. Mke naye ana mwili.
Nami nilikuwa silali. Nilirudi kwenye ngoma ya kioda na wanawake wenzangu, na sikumwomba mtu ruhusa.

Bado anaupa ukuta mgongo, na embe bado humwamsha, ingawa sasa hurudi kitandani. Ninyi wenye timu za mpira na vikundi vya mganda, kuanzia Liuli hadi Chiwanda: askari mstaafu akija uwanjani, mpeni namba acheze. Msimpe kiti cha mgeni rasmi.