Silaji: Neno Lililotoka Shimoni

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alipiga mstari mwekundu chini ya neno "silaji" katika insha yangu juu ya ng'ombe wa maziwa. Pembeni akaandika, "Hiki ni Kizungu!" Alama mbili zikaenda na maji. Niliumia, kwani nyanya yangu, asiyejua Kizungu hata cha kuombea maji, hulisema neno hilo kila msimu wa mavuno.

Kwetu silaji ni kazi ya jamii nzima. Tunakatakata mahindi mabichi pamoja na mabua yake, tunayatia shimoni, tunanyunyizia molasi, kisha sisi watoto tunapanda juu na kuyakanyaga mpaka miguu iume. Halafu tunafunika kwa nailoni na udongo. Hewa isipoingia, vijidudu hugeuza sukari ya majani kuwa asidi, na chakula hakiozi. Ikiingia, ole wenu! Ng'ombe hunusa tu akageuka.

Basi nikaenda maktabani kulisaka neno lenyewe. Kumbe hata Waingereza walilikopa! "Silage" yao ilianza kuandikwa miaka ya 1880, ikiwa ufupisho wa "ensilage", neno la Kifaransa. Mfaransa mmoja, Auguste Goffart, alitoa kitabu mwaka 1877 juu ya kuhifadhi mahindi mabichi kwa njia hii, nacho kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Wafaransa nao walilitoa Uhispania, ambako "silo" lilikuwa shimo la kuwekea nafaka.

Hapo wataalamu hawasikizani. Wengine hulirudisha hadi "sirus" ya Kilatini na "siros" ya Kigiriki, yaani shimo la nafaka. Wengine hulilinganisha na "zulo", neno la Wabaski wa kaskazini mwa Uhispania, maana yake tundu. Mie nawaunga hawa wa pili, kwa sababu si desturi ya Kihispania kugeuza "r" ya namna ile kuwa "l". Lakini upite njia yoyote, bwana, utatumbukia shimoni tu, lile lile la nyanya.

Nilimpelekea mwalimu maelezo haya yote. Alisoma, akacheka, akanirudishia alama moja. Ile nyingine ati ni ya herufi kubwa nilizosahau.