SOMO: KUNUNUA NA KUUZA NYUMBA KWA HAKI

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 23:3-18, Yeremia 32:6-14.

Huku kwetu Tarime, Sirari na Mugumu, watu hununua na kuuza nyumba, na mara nyingine mapatano ya siku moja huzaa ugomvi wa miaka mingi. Basi tujifunze neno moja: kabla ya kupatana bei tumjue mwenye mali, na yote yafanyike mbele ya watu.

Ibrahimu alipotaka pango la Makpela hakupatana na Efroni kwa siri. Alilipa shekeli 400 za fedha mlangoni pa mji, wenyeji wakisikia. Yeremia naye, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, aliandika hati, akaita mashahidi. Hati zilikuwa mbili, moja yenye muhuri na moja ya wazi, zikatiwa katika chombo cha udongo zipate kudumu.

1. Mwenye mali ni nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Katika boma la Kikurya kila mke ana nyumba yake. Basi tuulize ni nyumba ya nani, na huyo mama tumsikie kwa kinywa chake. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, tudai kumwona msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mjane asipoulizwa, hupoteza makao. Na mnunuzi aweza kupoteza fedha zake.

2. Bei. Mnunuzi aulize kwanza nyumba za jirani ziliuzwaje, aikague nyumba wakati wa mvua, aizunguke mipaka pamoja na majirani. Akate shauri nyumbani juu ya kiasi asichokipita, wala asiharakishwe na dalali. Muuzaji naye ajue thamani ya nyumba yake kabla shida haijambana, wala asimwambie dalali bei yake ya mwisho. Ufa wa ukuta autaje mwenyewe. Akishapokea malipo ya kwanza kwa mmoja, asipokee kwa mwingine.

Mithali 20:14 yatuonya juu ya mnunuzi anayekidharau kitu, kisha huenda akijisifu. Kubishana bei si dhambi. Lakini jirani akiuza kwa sababu ya mgonjwa au karo, tukamngoja mpaka akubali nusu ya thamani, tumemdhulumu. Mambo ya Walawi 25:14 yakataza.

3. Maandishi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Tunachouziana ni haki ya kuitumia pamoja na nyumba iliyo juu yake. Kwa hiyo, kijijini tufike kwa Halmashauri ya Kijiji, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa kazi ya kuisimamia ardhi hiyo. Mjini tufike ofisi ya ardhi. Hati itaje mipaka, bei, siku ya kuhama, na mashahidi wa pande zote mbili. Fedha zipitie benki, na kila mmoja akae na nakala yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Ibrahimu alilipa mbele ya watu?
2. Katika boma lako, nani apaswa kuulizwa kabla nyumba haijauzwa?
3. Je, hati yako iko wapi, na nani mwingine ajua ilipo?