Misimu Minne, Bustani Moja: Kupanda, Kutazama na Kusali Mwaka Mzima



 Leo hatuendi mbali. Tunatoka nje ya mlango na kusimama mbele ya kile kipande cha ardhi pembeni ya nyumba. Kama umepanga chumba na huna ardhi, simama mbele ya ndoo iliyopasuka au kiroba ulichojaza udongo. Kisha tujiulize: Mungu ananifundisha nini hapa, mwezi huu?

Wengi wetu tunadhani bustani ni mambo ya mvua tu. Mvua ikinyesha tunapanda, ikikatika tunaacha kila kitu kikauke. Na maisha ya sala tunayaendesha hivyohivyo: Krismasi tupo, Pasaka tupo, katikati hatuonekani. Lakini kitabu cha Mwanzo (2:15) kinasema mwanadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Kulima kuna siku zake. Kutunza ni kwa kila siku, hata siku ambayo hakuna cha kuvuna.

Mimi naishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako tuna mvua za vuli na za masika. Ukiwa Dodoma, Singida au Mbeya, mvua zako ni za msimu mmoja, kwa hiyo sogeza kalenda ya kupanda kulingana na kwenu. Somo linabaki lilelile.

1. Vuli: Novemba na Majilio

Mvua za kwanza zikilowesha udongo, kumbikumbi hutoka kwa wingi na vyura huanza kwaya yao usiku. Angani utawaona mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Mkrismasi unawaka maua mekundu, maembe yanaanza kuiva, na popo nao wanajua.

Vuli ni fupi, basi panda vinavyowahi. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Matembele hayahitaji mbegu, omba vipando kwa jirani. Kunde utakula majani kabla hata haijatoa maharage.

Somo la msimu huu ni kusubiri. Mtume Yakobo (5:7) anatuonyesha mkulima anayevumilia hadi ardhi ipate mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika nchi ya Biblia mvua ya kwanza ililainisha udongo kwa kupanda, na ya mwisho ilijaza nafaka kabla ya mavuno. Sisi wa vuli na masika tunamwelewa Yakobo bila kutafsiriwa! Ndiyo maana maneno hayo tunayasikia Dominika ya tatu ya Majilio, mwaka A.

Hili nililiona nyumbani. Bibi yangu alikuwa na tuta la manjano nyuma ya jiko. Alifariki mwezi Agosti. Septemba majani ya manjano yakawa yamekauka yote, na mgeni yeyote angesema hapo hakuna kitu. Mama akasema tusipaguse mpaka mvua. Mvua ikaja, na wiki ile ya kuwaombea Marehemu wote, mwanzoni mwa Novemba, vichomozi vya kijani vikatoka ardhini. Kwa kweli kitaalamu hakuna ajabu: manjano, kama tangawizi, hukausha majani wakati wa ukame huku shina lake likiwa hai chini ya udongo. Lakini siku ile tulisali rozari tukiwa tumesimama pale pale, na neno "ufufuko wa miili" katika Kanuni ya Imani sikulitamka haraka haraka kama nilivyozoea.

2. Kiangazi: Januari hadi mwanzo wa Kwaresima

Jua kali, udongo unapasuka. Huu ndio wakati wengi wanakata tamaa na bustani. Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na 10 Machi, kwa hiyo huku kwetu Kwaresima huanza kukiwa na joto na vumbi. Hata majivu yenyewe yametokana na matawi yaliyokauka tuliyobeba Dominika ya Matawi mwaka uliopita.

Kazi ya kiangazi haionekani kwa macho. Tandaza majani makavu kuzunguka mimea ili udongo usipoteze unyevu. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni. Maji uliyooshea mboga au mchele usiyamwage, yapeleke kwenye mche. Anza shimo la mboji: maganda ya ndizi, majani, mabaki ya mboga, samadi kidogo. Ukilianza sasa na kuligeuza mara kwa mara, masika yakifika utakuwa na chakula cha udongo.

Na viumbe wengine wana kiu kama wewe. Weka kisahani cha maji mahali penye kivuli, uone tetere na shorewanda watakavyokuja. Badilisha maji hayo kila siku, usije ukafuga mbu.

Soma Luka 13:6-9. Mtini haukuzaa miaka mitatu, mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, naye ataupalilia na kuutia mbolea. Angalia vizuri: anaomba muda, halafu anajifunga kufanya kazi. Kama kuna rafiki ambaye jumuiya imeshamkatia tamaa, Kwaresima hii wewe uwe mtunza shamba wake. Usimsemee kwa Mungu tu, chukua jembe: mpigie simu, mtembelee, msikilize.

3. Masika: Pasaka na mwezi wa Bikira Maria

Pasaka haiwahi kabla ya Machi 22 wala haichelewi kupita Aprili 25, kwa hiyo kwetu huku huangukia ndani ya masika. Kanisa linaimba Aleluya wakati nyasi zinaota hadi kwenye nyufa za saruji. Mbayuwayu nao wanaanza safari ya kurudi kwao.

Huu ni wakati wa kupanda miti: mpapai, mparachichi, mlonge. Mche uliopandwa masika unapata mvua ya kutosha kushika mizizi. Pandisha matuta ili maji yasituame. Nyanya zisubiri kwanza, maana unyevu mwingi huzileta magonjwa ya ukungu.

Ukiwa na mndimu, chunguza majani yake. Unaweza kukuta vijidudu vinavyofanana na kinyesi cha ndege. Ni viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano hafifu. Wakikua wanakuwa wa kijani, kisha wanajifunga kwenye kijiti na kutulia kama kitu kilichokufa. Waachie majani machache, mndimu uliokomaa hautakufa kwa hilo. Siku moja utakuta ganda tupu, na kipepeo yuko juu ya maua.

Asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alimwona Yesu akadhani ni mtunza bustani (Yn 20:15). Yohane ametuambia pia kwamba kaburi lilikuwa bustanini. Adamu alipewa bustani akaipoteza, na sasa Adamu mpya anafufuka bustanini. Mwezi Mei, ukipeleka maua mbele ya sanamu ya Mama Maria, jaribu yawe uliyoyamwagilia mwenyewe.

4. Kipupwe: Kipindi cha Kawaida cha Mwaka

Juni hadi Agosti padri anavaa kijani Dominika nyingi, wakati nyasi huko nje zinageuka kahawia. Sherehe kubwa ni chache, hakuna mvua. Lakini waulize wakulima wa mboga: baridi hii ndiyo nzuri kwa nyanya, sukuma wiki, karoti na kabichi, mradi umwagilie. Wadudu wakisumbua, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyizia jioni nyuki wakiwa wamelala. Na kama una mshubiri, utazame ukitoa maua: chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, atakuja kunyonya asali yake.

Marko (4:26-29) anasimulia mtu aliyepanda mbegu, akalala na kuamka, na mbegu ikakua asijue inavyokua. Najua wapo kati yenu waliomaliza chuo mwaka wa pili sasa, wametuma barua za kazi hadi wamechoka, na swali la "unafanya nini siku hizi?" linawachoma. Sikuahidi kwamba ukisali sana ajira itakuja kesho. Ninachojua ni kwamba ufalme wa Mungu haujasimama kwa sababu wewe unaona umesimama. Amka, mwagilia kilicho mbele yako leo. Siku ya kawaida nayo ni ya Bwana.

Kona ya Mtakatifu Fransisko

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliwataka ndugu zake waache sehemu ya bustani ya konventi bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote na watu wakiyaona wamkumbuke Muumba. Papa Fransisko alilikumbusha hilo katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 (namba 12). Mtakatifu huyu alitangazwa msimamizi wa wanaikolojia na Papa Yohane Paulo II mwaka 1979, na sikukuu yake, Oktoba 4, inatukuta tukisubiri vuli.

Basi nawe acha kona, hata ya hatua mbili. Usipalilie yote. Acha mrehani utoe maua kwa ajili ya nyuki. Acha mche mmoja wa mchicha ukomae, ndege wadogo wale mbegu. Kijana anayekubali kwamba si kila sentimita ya ardhi ni ya faida yake, ataelewa pia kwamba si kila dakika ya siku yake ni ya kuzalisha. Dakika za sala ni kona hiyo.

Zoezi la wiki hii

1. Kila siku kaa dakika kumi mahali pamoja nje, simu umeiacha ndani. Andika kiumbe kimoja ulichokiona.
2. Panda kitu kimoja kinachofaa msimu ulionao. Kopo linatosha.
3. Dominika sali Danieli 3:57-88, wimbo unaoviita viumbe vyote vimtukuze Bwana: mvua na umande, joto na baridi, ndege na wanyama. Kumbuka waliouimba walikuwa vijana watatu, na walikuwa ndani ya tanuru la moto.
4. Kwenye VIWAWA, TYCS au jumuiya yenu, jadilini: maisha yangu sasa yako msimu gani, na kazi ya msimu huu ni ipi?

Tusali

Ee Mungu Muumba wetu, unafanya kazi wakati wa mvua na wakati wa ukame. Tupe macho ya kukuona katika vitu vidogo, mikono isiyochoka kutunza, na moyo wa kusubiri mvua yako. Uwapokee marehemu wetu waliotupandia tunachovuna leo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.