NAMNA DAMU INAJIFUNZA
(Somo juu ya antikori)



Sisi wa darasa la sita tumemaliza sura ya ulinzi wa mwili. Wadogo wetu wa darasa la tatu na la nne wamekuja na maulizo matatu. La kwanza: juu ya nini mtu aliyepona surua haigonjwi tena? La pili: juu ya nini mkono unauma kiisha sindano ya vaksini? La tatu ndilo gumu: mtu aliyetoka katika kituo cha Ebola, tunaweza kukaa naye benchi moja? Tutaenda polepole, sababu la tatu halisikiliki bila yale mawili.

1. Walinzi wa mlango

Ndani ya ngozi, mapafu na matumbo, kunakuwa seli zinazokula mikrobe. Kubwa kati yao zinaitwa makrofaje. Zikikamata mikrobe zinaimeza na kuikata vipande. Pale pale zinatoa maji ya kemia yanayoitwa sitokine. Hayo ndiyo barua zao. Yanafungua mishipa midogo ya damu ili seli zingine zifike, ndipo pahali pale panavimba, panakuwa pekundu na moto. Barua zingine zinafika mpaka kichwani na kuleta homa. Basi, mkono unaouma siku moja ao mbili kiisha sindano, mara nyingi ni seli zinaitana kwa kazi.

2. Mkutano katika vifundo

Seli ingine, inaitwa dendritike, haibaki pale. Inabeba kipande cha mikrobe mpaka katika vifundo vidogo, kama vile tunavyosikia shingoni na chini ya kwapa tukigonjwa. Kule inaonyesha kile kipande kwa limfosite T. Kila limfosite T inajua umbo moja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Nyingi zinapita bila kutambua kitu. Ile inayotambua inaamka na kuzaana.

Upande mwingine kuko limfosite B, nayo imekamata mikrobe ile ile. Lakini haiwezi kuanza kazi kubwa peke yake. Inaonyesha kipande chake kwa T, na T ikikubali, inaitumia sitokine za ruhusa. Hii ni hekima: inapunguza hatari ya seli moja kukosea na kupiga mwili wenyewe. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Antikori inafanya nini

B iliyopata ruhusa inakuwa kama kiwanda, na kiwanda kimoja kinaweza kutoa antikori maelfu kwa sekunde moja. Antikori iko na umbo la herufi Y. Mikono miwili inashika mikrobe na kuizuiza isiingie katika seli. Mkia nao unaita: makrofaje inashika ule mkia na kumeza vyote pamoja. Kwa hiyo antikori ni pingu na pia ni filimbi.

Mara ya kwanza kazi hii inaomba juma moja ao mbili. Ugonjwa ukiisha, seli za kumbukumbu zinabaki. Mikrobe ikirudi, jibu linatoka upesi na kwa nguvu. Ndiyo sababu surua haimrudii mtu. Vaksini inafundisha somo lile lile bila kumpitisha mtu katika ugonjwa.

4. Kutoka Kikwit mpaka Beni

Virusi vya Ebola viko na ujanja mubaya: vinaingia kwanza katika makrofaje na dendritike zenyewe. Wapeleka-barua wanaharibika. Barua za kweli zinachelewa, za fujo zinazidi, na mgonjwa anaweza kufa mbele antikori hazijatosha.

Katika 1995 Ebola ilipiga muji wa Kikwit. Wagonjwa 8 walipewa damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wengi walikuwa na mashaka, sababu wagonjwa walikuwa wachache na hakukuwa kikundi cha kulinganisha. Lakini Profesa Jean-Jacques Muyembe hakuacha wazo hilo. Miaka 11 kiisha Kikwit, damu ya mtu mmoja aliyepona ilikuwa ingali na antikori za Ebola. Kutoka katika seli zake za kumbukumbu, wachunguzi wa Kongo, Marekani na Uswisi walipata antikori moja, wakaiita mAb114. Inashika virusi pale pale vinapotaka kufungulia mlango wa seli.

Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini, pamoja na zingine tatu. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa karibu 35 kwa 100. Kati ya waliopewa dawa ya kulinganisha, karibu 50 kwa 100. Na wale waliofika virusi vikiwa vingali kidogo katika damu, walikufa karibu 10 tu kwa 100. Muone sasa: kumficha mgonjwa nyumbani ni kumunyima hizo siku. Katika 2020 dawa ilikubaliwa Marekani kwa jina la Ebanga.

5. Jibu la ulizo la tatu

Ndiyo, tunaweza kukaa naye. Aliyepona na kuruhusiwa na waganga haambukizi kwa benchi, kwa kalamu wala kwa mkono wa salamu. Virusi vinaweza kujificha kwa muda katika pahali pachache pa mwili, kama ndani ya jicho ao katika mbegu za mwanaume, ndiyo maana waganga wanawafuata, nao washike rendevu zao. Pale Beni na Butembo waliopona ndio walilea watoto wachanga ambao wamama wao walikuwa katika kituo. Antikori zao ziliwapa nafasi ya kufanya kazi ambayo wengine waliogopa. Kumkimbia mtu wa namna hiyo ni kukosa somo lote.

Maulizo ya kujipima
a) Juu ya nini limfosite B inaomba ruhusa ya T?
b) Taja kazi mbili za antikori.
c) Eleza kwa jirani yako, kwa kiswahili cha nyumbani, juu ya nini mgonjwa afike mapema.

Ulizo la (c) mulipeleke nyumbani wakati wa likizo. Kule ndiko linaombwa zaidi.

Kapita wa wanafunzi,
Darasa la 6, Biolojia-Kemia