Kijana mwenye kisukari: tusimlaumu, tumsikilize

Ndugu Waislamu, kijana wa Karatu au wa vijiji vya Ngorongoro mwenye kisukari aina ya kwanza hulazimika kujichoma insulini kila siku, maisha yake yote. Aliyeko mbali na umeme huitunza katika chungu ili ipate ubaridi. Mzigo huu, ukichanganyika na hofu ya kuchekwa na wenzake, huweza kuzaa sonona.

Dalili zake ni huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi, kujitenga, hata kuacha sindano. Hapo wazazi husema mtoto ni mkaidi, imani yake ndogo. Kumbe anaugua maradhi mawili. Na akiacha insulini, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Qur'an, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ikiwa Mola wetu amemhurumia, sisi ni nani hata tumlaumu? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba. Basi mzazi, muulize mwanao kwa upole moyo wake ukoje. Dua iendelee, na hospitali mpeleke. Daktari aelezwe sukari na huzuni pia.

Wallahu a'lam.